Bima ya Watu wa Chini ya Daraja

Camille Bonvillain alipofika kijiji cha wavuvi cha Petit-Jonc kumtafuta Eulalie Naquin, alimkuta bandani amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, wavu mpya wa kuvulia kamba umemfunika kuanzia magotini mpaka vidole vya miguu, na sindano ya mti ya kushonea nyavu ameiuma kwa meno. Eulalie hakuitoa ile sindano. Alimwonyesha mgeni ndoo nyingine kwa kidevu, akamalizia kufunga chubwi mbili za risasi za kuzamisha wavu kwenye ugwe wa chini, ndipo akanyoosha mgongo.

"Shangazi, natoka ofisi ya Mbunge Guidroz," Camille alianza.

"Najua unakotoka. Wewe ni binti Earl wa duka la barafu. Ulipokuwa na miaka sita ulitumbukia majini hapo gatini kwetu, Alcide wangu akakuopoa kwa upondo, kakudaka mkanda. Kaa."

Camille alicheka, akakaa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei sasa, kavaa koti la ofisini na viatu visivyotaka tope. Alifungua mkoba, akatoa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini.

"Mbunge ana muswada wa bima ya mafuriko," alisema. "Kamati inakuja mjini Houma wiki tatu zijazo kusikiliza wananchi. Anataka wewe uwe shahidi."

"Mimi?"

"Wewe, Shangazi. Yaliyokupata ndiyo hasa muswada unayoyazungumzia."

Yaliyompata Eulalie kila mtu Petit-Jonc aliyajua, maana yaliwapata karibu wote. Kwa miaka thelathini na moja yeye na marehemu mumewe, Alcide, walikata bima ya mafuriko ya serikali. Serikali ndiyo iliyoibeba kazi hiyo tangu zamani, kwa kuwa kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeikimbia. Nani angependa kukatia bima nyumba zinazolala uso kwa uso na Ghuba? Kisha, miaka michache nyuma, kampuni zikaanza kurudi. Iliyofika Petit-Jonc ilikuwa na korongo mweupe kwenye nembo yake, na watu wakasahau jina lake la kweli, wakaiita Korongo. Aliyeiuza alikuwa Ferris Dardar, mtoto wa kaka yake Eulalie, wakala wa bima mwenye ofisi ndogo pembeni ya daraja linalotenga mtaa wa juu na huu wa chini, wa kuelekea baharini. Bei ya Korongo ilikuwa nafuu kuliko ya serikali, fomu yake ukurasa mmoja, na Ferris alikuwa mtu wa nyumbani. Eulalie akahama. Mtaa mzima ukahama.

Miaka minne ilipita kwa heri. Wa tano, kimbunga cha Agosti kikaja, na maji yakapanda juu ya nguzo alizozisimamisha Alcide kwa mikono yake, yakaingia sebuleni mpaka magotini. Eulalie hakuwa mtu wa kusema uongo hata juu ya adui: Korongo ililipa, na ililipa haraka. Mbao za sakafu mpya zilishapigwa misumari kabla ya Krismasi. Ila masika yalipoingia, ikaja barua ya mistari minne. Kampuni inasikitika. Bima yake haitaendelezwa.

Akarudi serikalini. Huko karani akamwambia kwa upole kwamba bei yake ya zamani, ile ya mteja wa miaka thelathini na moja, ilikufa siku alipohama. Sasa anahesabiwa mgeni, kama mtu aliyenunua nyumba juzi. Na kuacha bima hakuweza, maana benki iliyomkopesha kuinua nyumba ilitaka kuona cheti kila mwaka.

"Muswada unasema hivi," Camille alieleza, akiinama mbele. "Moja, benki zilazimike kuzipokea bima za kampuni bila kuleta visingizio. Mbili, mtu akitoka serikalini akaenda kwa kampuni, halafu akarudi, miaka ile yote ihesabike kana kwamba hakutoka. Bei yako ya zamani inarudi, Shangazi. Yako na ya wenzio wote."

Eulalie alinyoosha mkono, akapewa karatasi. Aliisoma taratibu, akiisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani ilikuwa ndani. Juu iliandikwa jina lake. Chini yake palikuwa na maneno ambayo hakuwahi kuyatamka maishani: kwamba anashukuru kwa uhuru wa kuchagua, kwamba ushindani umeleta ahueni kwa familia kama yake, kwamba serikali inamwadhibu mjane kwa kuwa mteja mwerevu. Sakafu mpya ilikuwamo. Hata mto wa kitandani wa Alcide uliolowa ulikuwamo.

Alifika mwisho, akaigeuza karatasi nyuma, akaona peupe.

"Barua iko wapi?"

"Barua gani?"

"Camille. Usinichezee. Hapa nimehamia Korongo, nimelipwa na Korongo, halafu mara nimo mlangoni kwa serikali nalia. Nani aliyenitoa kwa Korongo? Nilitoka mwenyewe, nimechoka na bei nafuu?"

Camille alitazama gati. "Ukilitia hilo, Shangazi, kampuni zitaupiga vita muswada. Zikiupiga vita, muswada unakufa. Ukifa, hupati hata ile bei yako. Mbunge anasema tuchukue kile tunachoweza kukipata."

"Anayeacha nusu ya habari yangu mezani ni yeye au ni mimi?"

"Ni siasa."

"Hiyo niachie," Eulalie alisema, na Camille akadhani ni karatasi anayoitaka, akaiacha.

Usiku wake Eulalie alilala vizuri tu. Hakuwa na shaka kuhusu karatasi. Kilichomtatiza asubuhi, anakunywa kahawa barazani, ni kwamba Camille hakuwa amekosea. Muswada ule aliutaka. Aliutaka kama mtu anavyotaka dawa. Bila ule atakuwa akishona nyavu mchana kutwa mpaka vidole vife ganzi ili kuishibisha bima peke yake, na mwaka atakaoshindwa, benki itakuja. Akisoma yale ya Camille, huenda mambo yakamnyookea. Na Korongo? Korongo angesimama kwenye maji mafupi, ale samaki wake, na maji yakichafuka aruke zake. Halafu arudi tena pakitulia. Muswada ungemfungulia mlango wa kurudi, wala hakuna mstari hata mmoja uliomwambia akiingia akae.

Alimwaga kahawa iliyobaki kwenye majani, akachukua kofia, akaenda kwa Ferris.

Ofisi ya Ferris ilikuwa na kiyoyozi kinachotikisa madirisha na picha ya korongo ukutani. Alisimama alipomwona shangazi yake, akafuta kiti kwa kiganja.

"Nataka kujua nyumba zilizopata barua," Eulalie alisema. "Najua wamekutumia ramani."

"Nani kakwambia kuna ramani?"

"Mkeo."

Ferris alifumba macho kidogo. "Shangazi, ile ni siri ya kampuni. Nikiitoa, mkataba wangu kwisha. Ninasomesha watoto wawili. Nitauza nini hapa? Kaa?"

"Baba yako aliuza kaa."

"Na alikufa maskini!"

"Alikufa na watu mia tatu wakimzika. Wewe wakikuzika watakuja wangapi kutoka chini ya daraja?"

Lilikuwa neno kali, na alipoliona limeingia, Eulalie alijuta kidogo, ila hakulirudisha. Ferris uso ulimwiva.

"Hukulazimishwa kusaini," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuletea bei nzuri, ukanikumbatia. Leo unataka kunivua nguo mbele ya kamati ya Bunge? Damu yako mwenyewe?"

"Nguo zako hazinihusu, Ferris. Nataka ramani."

"Sina."

"Basi nitaichora mwenyewe."

Na kweli aliichora. Jirani yake, Wilbert Verret, mvuvi wa kamba mwenye miaka sabini na mbili na mdomo usio na breki, alimbeba kwa pikapu lake siku tatu mfululizo, mlango kwa mlango, kuanzia mwisho wa barabara mahali lami inapoishia majini. Eulalie alikuwa na daftari la shule na kalamu ya risasi. Alikuwa akiuliza mambo mawili tu: ulipata barua, na iliandikwa tarehe ngapi.

Wengine walitoa barua zao kabla hajamaliza salamu. Wengine waliona haya, kana kwamba kuachwa na bima ni kuachwa na mume. Mzee mmoja wa Kivietinamu, Bwana Tran, mwenye mashua mbili, alikuwa ameitia yake kwenye fremu na kuitundika chooni.

"Kila asubuhi naisoma," alisema. "Inanisaidia."

Wilbert alicheka mpaka akashika ukuta.

Kulikuwa na nyumba saba zilizofungwa mbao madirishani, na hapo Eulalie aliandika "wamehama" bila kuuliza mtu. Nyumba ya akina LeBoeuf ilikuwa mojawapo. Melvina LeBoeuf walisoma naye, wakavunja ungo mwaka mmoja, na sasa yuko Texas kwa binti yake, anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama mti wake wa tini umezaa. Eulalie alishuka garini, akauangalia ule mti. Ulikuwa umezaa, na ndege walikuwa wakila. Alichuma nne, akala mbili, mbili akampa Wilbert, akaendelea na kazi.

Siku ya tatu walivuka daraja. Juu kule kuna tuta jipya la kuzuia maji, nyumba za matofali na majani yaliyokatwa. Walibisha milango arobaini. Wenye Korongo walikuwa wengi. Aliyepata barua hakuwapo hata mmoja.

"Unaona?" Wilbert alisema wakirudi. "Korongo hapendi kulowa magoti."

Chini ya daraja zilikuwa nyumba mia moja na kumi na tisa zilizokuwa na bima ya Korongo. Barua zilifika mia moja na kumi na mbili. Zote za tarehe moja, maneno yaleyale, koma kwa koma.

Camille alipiga simu mara mbili kuuliza kama Shangazi amefanya mazoezi ya kusoma. Eulalie alijibu kwamba kusoma anajua tangu darasa la kwanza.

Kikao kilifanyika Houma, katika ukumbi wa wilaya, saa nne asubuhi. Wabunge watano walikaa nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha buluu. Mwenyekiti alikuwa Mama Tollefson, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi nyeupe, kutoka jimbo la kaskazini lenye theluji. Kuliani kwake alikaa Harlan Guidroz, mwenye muswada, mtu mnene mchangamfu ambaye kabla ya kuketi alipita akipeana mikono na ukumbi mzima, akimwita kila mwanamke mrembo. Chini, watu wa Petit-Jonc walijaza safu sita na mabuti yao meupe ya mpira. Ferris alikaa upande wa pili, nyuma ya bwana mmoja aliyeitwa Pruett, aliyetumwa na Korongo.

Pruett ndiye aliyetangulia. Aliongea vizuri, bila karatasi. Alisema soko huru linamtazama kila mwenye nyumba peke yake, nyumba yake na nguzo zake, si kumtupa kwenye kapu moja na jirani. Alisema kampuni yake inajivunia kuhudumia wilaya hii mpaka leo. Aliposema "mpaka leo" Wilbert alikohoa kikohozi kirefu, na mlinzi akamtazama.

Halafu likaitwa jina la Eulalie Naquin.

Alikwenda mezani amevaa gauni lake la kanisani la rangi ya divai. Camille alikuwa ameshaweka zile karatasi mbili mbele ya kipaza sauti, zimenyooshwa vizuri, na glasi ya maji pembeni. Eulalie alikaa. Alizikunja zile karatasi mara moja, akazikunja tena, akaziweka chini ya glasi ili isilowanishe meza.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "hapo kuna maneno mazuri yaliyoandikwa kwa jina langu. Aliyeyaandika ni mtoto mzuri na simlaumu. Ila mimi nina dakika tano, na nitazitumia kwa maneno yangu."

Guidroz aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa.

"Muswada huu nautaka," Eulalie alisema. "Nasema mapema asije mtu akanitafsiri. Nilihama serikalini nikaenda kwa kampuni, na kuhama si dhambi. Bei yangu irudi. Hilo ni haki. Lakini mwenye muswada amesimulia habari yangu akaruka katikati, na katikati ndipo nilipovunjiwa mgongo. Mimi sikuondoka kwa kampuni. Kampuni iliniondokea. Ilikula ada zangu miaka minne maji yakiwa yamelala, maji yalipoamka mara moja tu, ikanyanyuka ikaniacha. Si mimi peke yangu."

Alifungua daftari. Alisoma hesabu: mia na kumi na tisa, mia na kumi na mbili, tarehe moja. Alisoma barua yenyewe, mistari minne, kwa sauti iliyozoea kuita mashua kutoka gatini.

"Huyu bwana anasema kila nyumba wanaitazama peke yake. Nyumba ya Bwana Tran iko juu ya nguzo za futi kumi na mbili. Maji hayakuingia. Hakudai hata senti. Akapata barua. Yangu ina nguzo za futi nne, ikapata barua hiyohiyo. Mtu aliyezitazama hizi nyumba moja moja alikuwa amefumba macho."

Ukumbi ulinguruma. Guidroz aliegemea kipaza sauti chake.

"Bi Eulalie, kila mmoja hapa anakuonea huruma..."

"Sikuja kuonewa huruma, mheshimiwa. Huruma ninayo nyumbani, jokofu limejaa vyakula vya majirani tangu Agosti."

"...lakini lazima tuwe waangalifu na takwimu. Umejuaje kwamba kampuni haikuwaacha pia wateja wa sehemu nyingine? Wa juu ya daraja, kwa mfano?"

"Nilibisha milango arobaini."

"Arobaini si yote."

"Si yote, kweli. Wako sikubisha. Niliona geti limefungwa." Eulalie aliweka kalamu chini. "Nyumba yako iko juu ya daraja, mheshimiwa, na bima yako umekatiwa na mtoto wa kaka yangu. Wewe ulipata barua?"

Guidroz alianza kupekua karatasi zake. Kisha Wilbert akapaza sauti kutoka safu ya pili: "Jibu, Harlan! Au posta yenu inachelewa?" Watu wakapasuka kwa kicheko, mlinzi akamshika Wilbert begani, Wilbert akakaa mwenyewe kwa heshima zote kama mtu aliyemaliza kazi.

"Shahidi haulizi maswali," Guidroz alisema. Masikio yalikuwa mekundu. "Utaratibu wa kamati ni kwamba shahidi anajibu."

Mama Tollefson alikuwa akiandika kitu. Aliinua kichwa. "Ni kweli, ndio utaratibu," alisema. "Basi swali hilo nakuuliza mimi."

Guidroz alimtazama, akautazama ukumbi, mabuti meupe safu sita.

"Sikupata," alisema.

Taa nyekundu ya muda iliwaka na kipaza sauti cha Eulalie kikazimwa. Hakuhitaji kipaza sauti. Alisimama.

"Sasa naomba mstari mmoja tu uongezwe," alisema. "Ushindani leteni. Kampuni kumi zije, ishirini, tutazikaribisha kwa kahawa. Ila anayekuja kula nasi kiangazi alale nasi siku ya maji. Akiingia mtaa, akae miaka aliyoahidi, au ada zetu azirudishe akiondoka. Na kama mmeshindwa kuliandika hilo, basi msiandike jina langu popote kwenye karatasi zenu. Jina langu nilipewa na baba yangu, halikodishwi."

Alichukua daftari lake, akazichukua na zile karatasi mbili kutoka chini ya glasi, akampa Camille mkononi, akarudi safu ya pili. 

Mambo hayakugeuka siku hiyo. Guidroz alitoka kwa mlango wa nyuma. Wiki iliyofuata magazeti mawili yaliandika habari ya swali lile, moja likamwita Eulalie bibi mkorofi, naye akalikata na kulibandika kwenye jokofu. Pruett alitoa taarifa kwamba kampuni inaheshimu maoni yote. Ferris hakumsemesha shangazi yake miezi miwili. Wakikutana kanisani alikuwa akiamkia kiti kilichokuwa jirani naye.

Bei ya mgeni Eulalie aliilipa. Alishona nyavu tano zaidi ya alizozoea, na akauza boti ndogo ya Alcide kwa Bwana Tran, jambo lililomuuma kuliko alivyomwonyesha mtu. Bwana Tran aliipaka rangi upya, lakini jina la ubavuni akaliacha.

Kisha, mwezi wa nne baada ya kikao, Camille akaja tena bandani. Safari hii alivaa mabuti. Alikuwa na muswada wote, kurasa thelathini na nane, na ukurasa wa ishirini na sita umekunjwa ncha.

"Mama Tollefson kaleta marekebisho," alisema. "Mheshimiwa Guidroz alipinga, akashindwa kwa kura tatu. Sikiliza." Akasoma. Kampuni itakayoingia eneo la mafuriko haitaruhusiwa kuwaacha wateja wake wa eneo hilo kwa mkupuo ndani ya miaka mitano, na ikimwacha mtu baada ya mafuriko, itamlipia tofauti ya bei mwaka wa kwanza anaporudi serikalini.

"Miaka mitano," Eulalie alisema. "Mimi nilisema azirudishe zote."

"Ndicho kilichopatikana, Shangazi. Umepita Baraza la Wawakilishi. Sasa uko Seneti, na kampuni zimemwaga watu huko kila korido. Wanataka ukurasa huu ung'olewe, uliobaki upite."

"Na wewe? Bosi wako anajua uko hapa?"

"Si bosi wangu tena. Tangu Ijumaa."

Eulalie alimsogezea sindano ya pili na bonge la uzi. "Basi usikae bure. Funga hapo, fundo mbili mbili. Tunahitaji nauli."

Walikodi basi la kanisa. Walikuwa watu kumi na wanne, na sufuria ya gumbo, mchuzi wao mzito wa bamia, iliyogandishwa, na Wilbert aliyekula kiapo cha kunyamaza akakivunja kabla ya kutoka jimbo jirani la Mississippi. Asubuhi ya kuondoka, watu wameshapanda, Ferris alitokea amebeba mkoba wa safari na bomba refu la karatasi kwapani. Alisimama mlangoni mwa basi bila kumtazama mtu.

"Wamekufukuza?" Eulalie aliuliza.

"Bado. Wakiniona huko watanifukuza."

"Basi vaa kofia."

Ferris alimpa lile bomba. Ndani mlikuwa na ramani ya kampuni, Petit-Jonc nzima, kila nyumba ya chini ya daraja imetiwa nukta nyekundu. Pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na tarehe ya ramani yenyewe. Eulalie aliisogeza mbali na macho, akaisoma mara mbili. Ilikuwa imechorwa miezi sita kabla ya kimbunga.

"Walikuwa wameshaamua kutuacha," alisema.

"Ndiyo, Shangazi. Na mimi niliiona baada ya kimbunga, nikaitia kwenye droo."

Hakumwambia kwamba amesamehewa. Alisogea kando kwenye kiti, akampigapigia nafasi ile kwa kiganja, Ferris akakaa.

Siku mbili njiani. Jumanne asubuhi walikuwa katika korido ya marumaru huko Washington, nje ya ofisi ya seneta wa jimbo lao wenyewe, ambaye kura yake ilisemekana inayumba. Mabuti yao meupe yalilia kwenye sakafu ile kwa kila hatua. Vijana wawili wenye suti walipita, wakawatazama chini mpaka juu, mmoja akanong'ona kitu. Wilbert akawapungia mkono kama mfalme.

Msichana wa mapokezi alikuwa na sauti ya asali. Alisema seneta anawapenda sana watu wa Petit-Jonc, anawaombea kila siku, na ingekuwa heshima kubwa kwake, ila leo hana nafasi kabisa. Wangependa kuacha ujumbe?

Eulalie Naquin aliikunjua ramani, akaitandaza juu ya meza ya mapokezi, juu ya simu na chombo cha maua na kila kitu. Kisha akavuta kiti.

"Leo Jumanne, mwanangu," alisema. "Sisi tuna chakula mpaka Ijumaa."